Kaveera juu ya matooke: namna ya kupunguza kemikali zinazovuruga homoni ukiwa na PCOS

Mimi nauza chakula. Nilizaliwa Busia, upande wa Uganda, na nimewapikia watu wa Kampala zaidi ya miaka kumi: matooke, posho, maharage, mchuzi wa karanga, samaki siku ya Ijumaa. Miaka mingi nilifunika matooke, ndizi zetu za kupika, kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Majani ya mgomba mjini ni ya kununua, yanachanika, na lazima uyafute moja moja. Kaveera unaitandaza tu juu ya ndizi, unakaza pembeni, mvuke hautoki, ndizi zinaiva upesi na makaa yanabaki. Nilijiona mjanja.

Kisha daktari akaniambia nina PCOS. Kwa wasioijua, ni hali ambayo homoni za kiume zinazidi mwilini mwa mwanamke, mayai hayapevuki kwa wakati, na hedhi inaruka miezi. Wengi tunaotoka ndevu kidevuni na kupata weusi shingoni usiotoka hata ukisugua, ni hiyo. Nikaanza kusoma, na kila nilipogusa nikakutana na plastiki, moshi na dawa za nyanya. Wiki ya kwanza nilitupa nusu ya vyombo vyangu. Wiki ya pili nikagundua kwamba nimetupa visivyo na kosa na kubakiza vyenye kosa.

Nimeandika haya ili wewe usipitie wiki hizo mbili. Hatua nimezipanga kwa namna mpishi anavyopanga: kinachoingia tumboni kila siku kwanza, kinachogharimu fedha baadaye.

Kabla hujatupa hata kikombe

PCOS si ugonjwa mpya ulioletwa na plastiki. Madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliueleza mwaka 1935, kabla plastiki haijajaa jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unawapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio kwenye umri wa kuzaa, na kwamba wenye hali hiyo hadi 70 kati ya 100 hawajui kama wanayo. Unatembea katika familia. Kama mama yako au dada yako ana kisukari au hedhi za kuruka, tayari una sehemu ya jibu.

Mzizi wake mkubwa ni insulini, homoni inayosaidia mwili kutumia sukari. Mwili wa wengi wetu hauisikii insulini vizuri, basi kongosho inaongeza. Insulini ikizidi, ovari, yaani viungo vinavyotunza mayai ya uzazi, zinachochewa kutengeneza testosteroni nyingi, ile homoni ya kiume, na ini linapunguza ile protini inayoishika testosteroni isizurure kwenye damu. Hapo ndipo chunusi, ndevu na hedhi za kusuasua zinapotoka.

Kemikali za mazingira zinaingia wapi? Inayozungumzwa zaidi ni bisfenoli A, wanayoifupisha BPA, inayotengenezea plastiki ngumu inayong'aa kama kioo na ule utando wa ndani ya makopo ya chakula. Mwaka 1936 ilishajulikana kwamba inaiga homoni ya kike. Mwaka 2011 watafiti wa Ugiriki waliwapima wanawake 71 wenye PCOS na 100 wasio nayo, wakakuta wenye PCOS wana BPA zaidi kwenye damu. Panya waliopewa BPA wakiwa wachanga walikua na dalili zinazofanana na zetu. Mwaka 2019 watafiti wa Taiwan walionyesha kwamba wanawake wanaovuta hewa chafu zaidi, ile yenye chembe laini na gesi za magari, walikutwa na PCOS zaidi.

Lakini subiri. Testosteroni ikiwa nyingi inachelewesha ini kuitoa BPA. Kwa hiyo inawezekana BPA inaleta PCOS, inawezekana PCOS ndiyo inayoikusanya BPA, na inawezekana yote mawili yanazungukana kama mbwa na mkia wake. Atakayekwambia "plastiki imekupa PCOS" amekimbia mbele ya ushahidi. Mimi nafuata hatua hizi kwa sababu nyingi hazinigharimu kitu, na kwa sababu kemikali hizo hizo zinatajwa kwenye kisukari, na kisukari ndicho jirani yetu wa karibu.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni PCOS kweli

Chukua daftari. Andika siku ya kwanza ya kila hedhi kwa miezi mitatu. Mzunguko wa kawaida wa mwanamke mtu mzima ni siku 21 hadi 35. Ukipita 35 mara kwa mara, au ukipata hedhi pungufu ya mara 8 kwa mwaka, nenda kituo cha afya ukiwa na daftari lako. Kuanzia ngazi ya nne utampata daktari, na akiona haja atakuandikia barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa. Kampala kuna hospitali maalumu ya wanawake na watoto wachanga pale Mulago, iliyofunguliwa mwaka 2018.

Daktari anatafuta mambo mawili kati ya matatu: hedhi zisizo na mpangilio, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na vifuko vidogo vingi ndani ya ovari kwenye skani. Ukiwa na mawili ya kwanza, skani si lazima. Nasema hivi kwa sababu najua wanawake waliolipia skani tatu. Kwa msichana aliyevunja ungo karibuni, skani haifai kabisa. Vifuko vingi kwa umri huo ni kawaida. Na vile vifuko si uvimbe. Ni mayai machanga yaliyokwama njiani. Kwa hiyo yule wa redioni anayeuza dawa ya kuyeyusha uvimbe, mwache na uvimbe wake.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo kwetu panapokosewa. Kuna mambo yanayovaa nguo za PCOS na si PCOS. Mimba, ambayo ndiyo inayopimwa kwanza hata kama unaapa haiwezekani. Tezi ya thairoidi. Homoni ya maziwa kuzidi. Sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu, ambayo inaweza kukata hedhi na kukuacha bila mpangilio miezi mingi baada ya kuiacha. Dawa ya kifafa iitwayo valproati, ambayo inajulikana kuleta dalili kama hizi (ukiwa unaitumia usiiache mwenyewe, mwambie daktari). Na mafuta ya kujichubua, ambayo nitayarudia, kwa sababu hayo yana hadithi yake.

Omba pia upimwe sukari na presha. Hayo mawili yana maana kuliko vipimo vingi vya bei kubwa.

Mtu akitaka kukupima "sumu ya plastiki" mwilini, weka fedha yako mfukoni. BPA inatoka na mkojo ndani ya siku moja hivi. Kipimo cha leo kinakueleza ulichokula jana, basi. Ila habari hiyo ina uzuri wake: ukipunguza leo, kesho mwilini imeshapungua.

Hatua ya 2: Tenganisha joto na plastiki

Hapa ndipo penye kazi, na kama una nguvu ya hatua moja tu, chukua hii.

Plastiki baridi yenye kitu kikavu haitoi mengi. Weka humo kitu cha moto, chenye mafuta au chenye uchachu, hapo viungo vilivyochanganywa kuilainisha na kuipa rangi vinaanza kuhamia kwenye chakula. Mchuzi wa karanga una mafuta, nyanya ina uchachu, na vyote viwili tunavipakua vikitokota. Ukitaka kukumbuka sheria moja, ni hii: moto na mafuta visikutane na plastiki.

Tuanze na kaveera. Kusema haki, mfuko wa polithini hautengenezwi kwa BPA. Shida yake ni kwamba haukutengenezwa kwa moto, na ile myeusi na ya rangi rangi mara nyingi inatokana na plastiki iliyosagwa upya, usijue ilikuwa nini kabla. Mifuko iliyo chini ya unene wa maikroni 30 imepigwa marufuku Uganda tangu mwaka 2009, na sheria ya mazingira ya 2019 ikarudia. Sokoni iko, sote tunaiona. Lakini hakuna sheria inayokulazimisha kuiweka juu ya sufuria.

Majani ya mgomba yanafanywa hivi. Nunua majani mapana yasiyochanika, yafute vumbi kwa kitambaa chenye maji. Toa ule mti wa katikati kwa kisu, usiutupe. Pitisha jani juu ya moto sekunde chache mpaka rangi igeuke na liwe laini. Hapo halichaniki tena likikunjwa. Kata ile miti ya katikati vipande vipande, panga chini ya sufuria kama kichanja, mimina maji yasipite kichanja. Tandika majani mawili matatu, weka ndizi zilizomenywa, zifunge humo kama mzigo, kisha jani jingine juu, na jingine, ukichomeka pembeni kuzunguka sufuria yote. Jani likifungwa vizuri mvuke hautoki zaidi kuliko kwenye kaveera. Ziache zaidi ya saa moja, ponda kwa mikono juu ya majani hayo hayo ukitumia kitambaa, funga tena, rudisha kwenye moto mdogo. Ukichelewa kuuza, matooke yanabaki ya moto na ya njano.

Siku ya kwanza niliporudi kwenye majani, dereva mmoja wa taxi anayekula kwangu kila mchana alinyanyua kichwa akasema, "Nyabo, leo umetupeleka kijijini." Hakujua nimebadilisha nini. Alisikia harufu tu.

Gharama? Nilipandisha bei ya sahani kidogo. Majani yaliyotumika anayachukua mtu mwenye mbuzi, na hiyo imenipunguzia takataka.

Baada ya kaveera, chakula cha kufungashiwa. Maharage ya moto kwenye mfuko, chai ya maziwa kwenye mfuko, uji kwenye kikombe cha plastiki chembamba. Nenda na bakuli lako la bati au la chuma cha pua. Mwanzoni utacheka mwenyewe ukilitoa mkobani. Baada ya wiki muuzaji atakuwa anakukumbuka kwa bakuli. Rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, iombe ifungwe kwenye karatasi safi nyeupe. Gazeti lina wino, na kaveera ya rolex inatoka jasho la mafuta. Kati ya hivyo viwili sioni cha kuchagua. Ikiwa muuzaji hana karatasi safi, kula hapo hapo kwenye sahani.

Maji. Wengi tunachemsha. Ukichemsha, yaache yapoe kwenye sufuria yenyewe ndipo uyamimine kwenye jerikeni. Ile jerikeni ya njano ya lita 20 si adui yako mkubwa. Plastiki yake ni ya aina ambayo kwa kawaida haina BPA, mradi haikubeba dawa ya shamba wala petroli kabla. Mimi niliitupa wiki ya kwanza. Nikabakiza lile dumu gumu linaloonyesha kama kioo, la mashine ya maji. Geuza chombo utazame namba iliyo ndani ya pembetatu. Namba 2 na 5 kwa vitu vya baridi sina neno nazo. Namba 7 ni kapu la mchanganyiko, na ndimo ile plastiki ngumu ya BPA inamowekwa. Namba 3 na 6 usizipe chakula cha moto kabisa. Chupa ndogo ya maji ya dukani ni namba 1: imetengenezwa itumike mara moja, si kuachwa juani kwenye dirisha la gari na kujazwa tena mwezi mzima. Ukiwa na mtungi wa udongo nyumbani, una chombo bora kuliko hivyo vyote, na maji yake ni baridi bila umeme.

Makopo: nunua maharage makavu badala ya ya kopo, na samaki mbichi au mukene (dagaa) badala ya samaki wa kopo, pale unapoweza. Risiti za mashine, zile karatasi laini zinazofifia, nyingi zimepakwa BPA au ndugu yake. Usizishike na mikono yenye mafuta na usiwape watoto wachezee. Msichana anayenisaidia nilimwambia azichome kwenye msumari, asikae nazo kwenye aproni.

Ulaya walipoikagua upya BPA mwaka 2023, walishusha kiwango wanachoona ni salama kwa siku karibu mara 20,000, na mwishoni mwa 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria ya kuitoa kwenye vyombo vya chakula. Kwa hiyo chombo chenye maandishi "haina BPA" ni hatua, ila usidanganyike sana: viwanda vingine vimeweka bisfenoli nyingine mahali pake, nazo hazionekani kuwa malaika. Bati, kioo, udongo, jani.

Hatua ya 3: Moshi, kuanzia na kinachowashia sigiri

Unawashaje sigiri yako, jiko lako la makaa, asubuhi? Kama jibu ni kipande cha kaveera au kisoda cha plastiki, anza hapo, leo. Plastiki ikiungua inatoa moshi ambao hata moto wa kuni hautoi, na aina fulani zinatoa dioksini, kemikali zinazovuruga homoni na kukaa mwilini miaka. Tumia majani makavu ya mgomba, magunzi ya mahindi, vijiti, au kipande cha mshumaa. Takataka za plastiki usizichome nyuma ya nyumba. Najua gari la taka halifiki kila mtaa. Zikusanye kavu uwape wanaookota chupa.

Uganda zaidi ya kaya 9 katika kila 10 zinapikia kuni au makaa, kwa hiyo sitakwambia nunua jiko la umeme kana kwamba hujawahi kulifikiria. Fanya hivi: washa sigiri nje, ingoje makaa yawe mekundu na moshi uishe, ndipo uisogeze chini ya paa lenye upepo. Usilale nayo ndani, hata mvua inyeshe. Hiyo inaua usiku mmoja na haina habari na homoni. Nunua makaa makavu. Loweka maharage usiku, utapunguza muda wa moto karibu kwa nusu. Ukipata gesi au umeme, anza kuvitumia kwa vitu vya haraka kama chai na mayai.

Hewa ya barabarani ni ngumu zaidi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango cha chembe laini, wanaziita PM2.5, hadi wastani wa maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka, na Kampala iko juu ya hapo mara kadhaa. Chuo Kikuu cha Makerere kina mradi uitwao AirQo uliofunga vipima-hewa mjini na miji mingine, na programu yao ya simu ni ya bure. Nilipoanza kuitazama niliona asubuhi na jioni ndizo mbaya, wakati magari yamejaa na kila nyumba inapika. Mazoezi yako ya kutembea, na utayahitaji, yafanye kwenye barabara ya ndani, mbali na boda na malori.

Hatua ya 4: Nyanya nyeupe

Unazijua. Nyanya imekuja sokoni imepakwa unga mweupe kama imetoka kwenye chokaa. Wauzaji wengine watakwambia huo unga ni dalili kwamba itakaa siku nyingi, na wateja wengine wanaichagua kwa sababu hiyo. Mara nyingi ni mankozebu, dawa ya ukungu inayopulizwa na wakulima wengi, wengine mpaka karibu na siku ya kuvuna. Ulaya iliacha kuiidhinisha tangu mwaka 2021, moja ya sababu ikiwa athari zake kwenye homoni. Inapovunjika, na hasa inapopikwa, inatoa kemikali inayosumbua thairoidi, na thairoidi ikivurugika hedhi nayo inavurugika. Kwamba inaleta PCOS, hilo silisemi.

Chagua zisizo na unga. Ukikosa, zifute kwanza kwa kitambaa chenye maji, kisha zioshe kwa maji yanayotiririka ukizisugua kwa mkono, kisha menya. Kumenya kunaondoa zaidi kuliko kuosha. Kwa matunda na mboga ngumu, loweka dakika 12 hadi 15 kwenye maji yenye kijiko cha bikaboneti ya soda. Njia hiyo ilijaribiwa Marekani mwaka 2017 kwa matofaa na ikaondoa dawa za juu ya ganda. Dawa iliyoingia ndani haitoki kwa chochote. Usioshe kwa sabuni ya nguo, tafadhali.

Na yale magimbi yanayolimwa kando ya mfereji wa Nakivubo, yanayonenepa vizuri hivyo, mimi siyanunui. Maji yanayoyalisha yanatoka viwandani na kwenye mitaro ya jiji, na watafiti wamekuta humo metali nzito. Muulize muuzaji gimbi limetoka wapi. Akisita, umejibiwa.

Hatua ya 5: Ngozi na nywele

Rafiki yangu, muuza nguo, alikuwa na uso wa mviringo ulioanza ghafla, mwili ukanenepa tumboni na mikono ikabaki myembamba, nywele zikaota mashavuni, hedhi ikapotea. Kliniki moja ikamwambia ni PCOS. Mwaka mzima alimeza dawa. Mpaka nesi mmoja mtu mzima alipomwambia, "Dada, nionyeshe mafuta unayojipaka." Ilikuwa krimu ya kung'arisha yenye steroidi kali. Steroidi inapita kwenye ngozi, na ukijipaka mwili mzima miezi na miezi inakuletea dalili zote hizo.

Kwa hiyo chukua chupa zako zote, usome. Ukiona klobetasoli au betamethasoni, hizo ni steroidi, dawa ya hospitali, si losheni. Ila usiiache ghafla kama umeitumia muda mrefu. Mwili huwa umezoea kutotengeneza steroidi yake, na kuikata siku moja kunaweza kukuangusha. Daktari atakupunguzia polepole. Ukiona zebaki au haidrokwinoni, hapo hakuna mjadala, usijipake. Shirika la Viwango la Uganda limekuwa likitoa orodha za vipodozi vilivyokatazwa. Na kama chupa haina orodha ya viungo kabisa, imechanganywa kwenye chumba cha nyuma cha duka.

Manukato ni jambo dogo zaidi, lakini la kila siku. Thaleti, kemikali zinazolainisha plastiki, hutumika pia kushikilia harufu isipotee. Chagua losheni isiyo na harufu au mafuta ya mgando ya kawaida. Dawa ya kunyoosha nywele: utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022, uliowafuata wanawake zaidi ya 33,000, uliihusisha na saratani ya mfuko wa uzazi. PCOS peke yake inaongeza hatari ya saratani hiyo hiyo, kwa hiyo mimi nimesuka tangu hapo. Wewe amua.

Hatua ya 6: Vitu vya kuacha kununua

Chai za kusafisha kizazi. Vidonge vya kutoa sumu. Udongo wa kula, ule wa vipande sokoni, ambao unaweza kuwa na risasi. Na risasi ni ile ya metali, ingawa ile nyingine nayo haifai. Sufuria za kusubu zinazotengenezwa kwa vyuma chakavu, kwa sababu hiyo hiyo ya risasi, hasa ukipikia nyanya au kitu chenye ndimu. Fedha utakayookoa nunua mboga, maharage na viatu vya kutembelea.

Maana, na hili nalisema kama mtu aliyetaka sana liwe si kweli: hakuna jani la mgomba litakaloshinda soda mbili kwa siku. Kupunguza uzito kwa asilimia 5 hadi 10, kwa aliyenenepa, kunaweza kurudisha hedhi. Muchomo (nyama choma) na chipsi vipunguze. Nyama ikiungua kwenye moto mkavu inatengeneza vitu ambavyo wenye PCOS tayari tunavyo vingi kwenye damu. Chemsha, pika kwa mvuke, fanya luwombo, kitoweo kinachofungwa kwenye jani la mgomba. Na dawa ukiandikiwa, kama metformini, inayosaidia mwili kuisikia insulini, au vidonge vya kupanga hedhi, imeze. Anayetafuta mtoto amwambie daktari mapema, kwa sababu dawa ya kupevusha yai ipo na ni ya vidonge.

Hatua ya 7: Rudi kwenye daftari

Badilisha kitu kimoja kwa wiki, ukiandika tarehe. Hedhi haijibu kwa wiki moja. Ipe miezi mitatu hadi sita ndipo uhesabu. Daftari langu linaonyesha mizunguko ya siku 70 na kitu kabla, na ya siku 38 hadi 44 sasa. Lakini linaonyesha pia kwamba mwezi ule ule niliorudi kwenye majani ndio nilioanza metformini na kutembea jioni, kwa hiyo siwezi kukuapia ni kipi kilichofanya kazi. Wewe ukitaka kujua kwako, usianze vyote siku moja kama mimi.

Weka alama nyekundu kwenye daftari kila zinapofika siku 90 bila damu na huna mimba wala hutumii sindano. Kuta za mfuko wa uzazi zinakuwa zimeongezeka unene bila kusafishika, na hilo linatibiwa hospitali. Ikifika hapo, achana na jikoni kwanza, nenda kesho asubuhi.